Risala ya Mama Edson

Akina mama wa sokoni walimchagua Mariana, Mama Edson, asome risala kwenye sherehe yao kwa sababu ya sauti yake. Usichanani aliongoza nyimbo za kulimia, na hata leo akiita mteja kutoka kwenye meza yake ya michembe, viazi vilivyokaushwa, watu wa ng'ambo ya barabara hugeuka. Hakuna aliyemuuliza kama anajua kusoma. Naye, huku wenzake wakimpigia makofi, hakusema. Watu wengi huzeeka na siri ya namna ile.

Alimwambia mtu mmoja tu, Vijaya, mwenye duka la vitambaa ambaye Mariana huuzia barazani kwake. Mimi nilikuwa ndani nikichagua kitenge.

"Herufi nazijua, Mama Hemal," alisema. "Ila zikikaa pamoja zinanikimbia."

"Basi tutazikimbiza wawili."

Wakaanza jioni ileile, risala juu ya meza ya kukatia vitambaa, wakisoma kwa sauti moja. Mariana akikwama, Vijaya hakumkosoa. Alilitamka neno na kusonga mbele, Mariana akadandia. "Ndugu mgeni rasmi, sisi akina mama wa soko..." Baada ya siku chache risala ilikuwa inatiririka. Mimi niliyezoea kupita kuwasikiliza nilifurahi, mpaka Vijaya alipofunika karatasi kwa kiganja. Mariana akaendelea kusoma.

"Mama Edson, unasoma mkono wangu?"

Mariana alicheka mpaka akashika mlango. Kichwa kilichohifadhi nyimbo za misimu yote kilikuwa kimeimeza risala nzima.

"Si inatosha?" akasema. "Nitasimama, nitasema, nitakaa."

"Kwao inatosha. Wewe unataka nini?"

"Nataka kusoma."

Risala ikatiwa kwenye droo, wakahamia kwenye kanga. Kila iliyoshushwa rafuni waliusoma msemo wake pamoja, wateja wakisikiliza. Mzee Ngassa, mfugaji Msukuma aliyekuja kumnunulia mkewe, alisomewa moja iliyomtaka jirani afunge dirisha lake.

"Hiyo hapana, mayu," akasema. "Jirani yetu ni mama yangu mzazi. Leteni nyingine."

Akasomewa karibu rafu nzima, na alipoondoka alisema "wabeja", asante ya kwao, kana kwamba ametoka ngomani. Kanga moja ilimsema mke mwenza vibaya mno, wakaisoma mara mbili kwa raha tu. Jioni moja sauti ya Vijaya ilinyamaza katikati ya msemo, ya Mariana ikafika mwisho peke yake. Wala hakutambua.

Asubuhi ya sherehe, viti vikiwa vimeshapangwa chini ya turubai, habari zikaja kwamba mgeni rasmi amepata dharura na mwingine anakuja badala yake. Eunice, katibu wao, akaenda kuichapa risala upya: jina jipya, cheo kipya, na aya nzima kuhusu bomba la maji ambayo ilikuwa imesahaulika. Mariana alikabidhiwa karatasi hiyo mgeni akiwa ameshaketi. Aliitazama, akamtafuta Vijaya kwa macho.

Vijaya akaja mbele. "Nisimame nawe?"

"Simama."

Wakaanza pamoja. Jina la mgeni lilikuwa refu, wakalivuka taratibu. Walipofika kwenye bomba, Vijaya akanyamaza. Mariana akapunguza mwendo, kidole kikitambaa karatasini. Akasoma neno, akapumua, akasoma lingine: kwamba maji ya kuoshea mboga wanayafuata mbali, kwamba wanaomba bomba moja tu. Watu walidhani anakwenda polepole kwa uchungu wa jambo lenyewe.

"Kweli kabisa," mtu akaitikia kutoka nyuma. Mama mmoja akafuta macho.

Kwa desturi, risala ikishasomwa hukabidhiwa mgeni kwa mikono miwili. Mgeni alikuwa ameshanyoosha yake. Mariana akaikumbatia karatasi kifuani.

"Ndugu mgeni rasmi, naomba nirudie aya ya bomba."

"Nimeisikia, mama. Mnataka bomba."

"Najua umeisikia. Ni mimi ninayetaka kuisoma."

Watu walicheka, na mgeni naye akacheka, akashusha mikono na kuegemea kiti. Mariana akaisoma tena aya yote, na safari hii akina mama wakawa wanaitikia kila anapovuta pumzi.