Fahali Hakula Sumu

Watu wengine wakifika kazini wanakuta chai. Mpimaji alimkuta mdogo wake kafungwa kamba kwenye nguzo ya mnada wa mifugo, jino limeng'oka, jicho moja limefumba, wanaume wenye virungu wamemzunguka.

"Kamnywesha fahali wangu dawa ya kupe," tajiri alisema. "Fahali wa mbegu, mama. Toa majibu tumalizane na huyu mshenzi."

Chumba cha maabara kiko pale pale mnadani, na kazi yake ndiyo hiyo: damu, maziwa, mkojo. Damu ya fahali ilichukuliwa kabla hajakata roho. Aliingia, akaipima, akatoka.

"Sumu hakuna," alisema. "Ile dawa ikimwingia mnyama inalemaza protini fulani kwenye damu. Ya huyu ilikuwa nzima. Mfungueni."

"Dada mtu hawezi kusema vingine," mchinjaji mmoja alicheka.

"Damu nimebakiza. Ichukue upime mwenyewe, wewe unayejua kupima kwa kisu."

Wakacheka. Virungu vikashuka. Mtu akaanza kuhangaika na fundo la kamba. Ndipo tajiri akauliza, "Sasa kafa na nini?"

Mpimaji alijua. Kuna protini inayokaa ndani ya msuli, haina kazi nje. Msuli ukipondwa inamwagika kwenye damu, figo zinaziba, mkojo unatoka mweusi kama kahawa. Ya fahali ilikuwa juu mno, akapima tena akiomba mashine iwe imedanganya. Wapi. Fahali aligoma kupanda lori, na aliyekuwa anampandisha, yeye na bomba lake la chuma, alikuwa mdogo wake.

Mkono ule anaufahamu. Ulianza na mbwa, ukaja kwa mke. Na majirani walipouliza, nani alikuwa anajibu kwamba wifi kateleza bafuni? Yeye. Mpaka wifi akakimbia na taya iliyopinda.

Mdogo wake alimtazama kwa lile jicho zima, akatikisa kichwa kidogo: usiseme.

"Kapigwa," Mpimaji alisema. "Kapigwa mpaka nyama ikasagika ndani ya ngozi. Na aliyekuwa naye ni huyu."

Kirungu cha kwanza kilitua mbavuni mwa mdogo wake, ukasikika mlio kama kuni kavu. Cha pili kilimpata Mpimaji begani, maana alishajitupa juu yake. Cha tatu kilimpata hapo hapo. Mkono ukafa ganzi, hakutoka.

"Polisi," alisema, mdomo umejaa vumbi. "Mpelekeni polisi. Nitasema na huko."

Tajiri akamnyang'anya mpigaji kirungu. Si huruma. Maiti hailipi fahali.

Wakatupwa wote wawili nyuma ya pikapu, kwenye samadi.

"Umeniuza, dada," mdogo wake alinong'ona.

"Lala ubavu," alimwambia, akimgeuza kwa mkono uliobaki mzima. "Utapaliwa na damu."