Moshi wa Profesa

Watu walimwita Profesa, naye akaitika, ingawa chuo pekee alichohitimu ni kile cha kufungua na kufunga nati. Alikuwa msagaji wa nafaka. Mashine yake ya dizeli ilikaa uani, na bomba la moshi lilitazama dirisha la mama yake. Mama alikuwa ameziba dirisha kwa matambara na bado alikohoa.

"Ni baridi tu, mama," alimwambia mwaka wa tatu sasa, hata jua likiwa la utosi. Kwa visingizio hakuwa na mpinzani.

Siku moja akamkuta mama anafunga mizigo.

"Naenda kwa dada yako. Huko nitapumua."

Profesa aliogopa kwelikweli. Mtu mzima na ndevu zake, hajawahi kuishi mbali na mama yake hata wiki.

Alikuwa amesikia kwamba mafuta yaliyokaangiwa, yakichanganywa na spiriti ya methanoli na kostiki soda, ile ya kutengenezea sabuni, hugeuka dizeli yenye masizi machache. Akamwomba mama siku kumi, akakusanya ndoo mbili za mafuta hayo kwa wakaanga chipsi. Yalikuwa machafu, naye, mtoto wa mama msafi, akayaosha kwa maji kwanza. Kostiki ikakutana na maji yale, na Profesa akapata ndoo mbili za sabuni.

"Ukimaliza hiyo, tutengenezee na ya kuogea," mkewe alimwambia.

Akakusanya mengine, na mara ya pili aliyachemsha mpaka maji yakaisha, ndipo akachanganya. Gliserini, masalio ya mchanganyiko, ikazama chini, nzito na nyeusi. Dizeli ya juu akaiosha mwishoni, inavyotakiwa, akaikausha, akajaza tangi. Mashine ikazimika mbele ya foleni ya wateja, kwa kuwa mafuta mapya yalikuwa yamebandua uchafu wa miaka ndani ya tangi, nao ukaziba chujio. Akabadilisha chujio huku akimlaani mzembe aliyeitunza mashine ile, yaani yeye mwenyewe.

Siku ya kumi mashine ikanguruma, na moshi ukatoka mwembamba. Mama akaja uani na matambara ya dirishani mkononi.

"Kwa hiyo haikuwa baridi?"

Profesa alitafuta kisingizio, akakikosa. "Haikuwa baridi, mama. Nisamehe."

Mama akampa matambara afutie mashine. Akalitazama bomba kwa muda.

"Na hili, mwanangu, haligeuki upande wa pili?"

Lilikuwa limeshikwa na nati moja tu. Profesa akaenda kutafuta spana.