Muhogo Tuliouacha Kashi

Mimi si Mhindu, wala sijawahi kutaka kuwa. Ni Mkristo wa viti vya mbele, mwanakwaya, na mume wangu anajua nikikosa kanisani basi naumwa. Kwa hiyo mtu akiniuliza nilifuata nini Kashi, mji ule wa India ambako Wahindu huenda kuhiji na wengine huenda kufia kabisa, namjibu ukweli: nilimsindikiza jirani yangu.

Jirani mwenyewe alikuwa bibi wa Kigujarati, mzaliwa wa Mombasa kama mimi. Tulijuana hapa Johannesburg, mtaani Kensington, siku nilipokuwa uani nawagombeza wanangu kwa Kiswahili nao wananijibu kwa Kiingereza kama kawaida yao. Sauti ikatoka ng'ambo ya ukuta: "Hao hawatasikia mpaka wauone mwiko!" Nikachungulia, nikamwona mwanamke mfupi aliyevaa sari na soksi nzito za sufu. Lo! Nilikaribia kulia. Tangu siku hiyo akawa Mama, na Jumamosi zangu zikawa zake.

Asubuhi nilikuwa nikitoka Malvern, kwa akina mama wa Kikongo wanaouza mihogo kando ya barabara, napita kwake moja kwa moja. Yeye anamenya, mimi nakaanga, kisha chumvi, pilipili ya unga na ndimu. Tulikula barazani huku tukiwasengenya watu wa Mombasa ambao nusu yao wameshakufa. Mwanawe, daktari wa meno, alikuwa akipita anasema "habari" na "pole", maana ndicho Kiswahili alichonacho, halafu anaingia zake ndani.

Mumewe Mama alipofariki, akasema lazima aende Kashi kumwombea. Mwanawe hakuweza kuondoka, mkewe alikuwa ndiyo kwanza amejifungua. Akanijia, akaniomba niende na mama yake kwa sababu hamsikilizi mtu mwingine ila mimi. Benki ninakofanya kazi wakanipa likizo. Mume wangu alinung'unika wee kuhusu masanamu, mwishowe akasema haya, nenda, ila usipige magoti.

Sitawadanganya kwamba niliupenda mji ule. Vichochoro vyembamba, ng'ombe amejilaza katikati na watu wanamzunguka kwa adabu, pikipiki inapiga honi nyuma ya maiti aliyebebwa mabegani. Chini mtoni, kwenye ngazi za mawe, wafu wanachomwa mchana kweupe, na hapo hapo pembeni mtu anauza chai. Mama aliingia kila hekalu, makubwa na madogo, mengine madogo kama kabati la vyombo. Mimi nilibaki mlangoni nimeshika viatu na mikoba. Alikuwa akitoka amepakwa rangi kwenye paji la uso, macho yamelowa, ananiambia, "Nimekuombea na wewe." Naitikia amina kabla sijafikiri.

Tulichofurahia wote wawili ni kuwasema watu mbele yao. Mwenye mashua akitaja nauli, Mama ananigeukia kwa Kiswahili: "Mwizi huyu. Jifanye unaondoka." Naondoka. "Anatufuata?" "Anatufuata, mama, kaza mwendo!" Tulicheka kama wasichana wa shule.

Asubuhi ya mwisho tukaenda mtoni kwa kuhani aliyekuwa ameketi chini ya mwavuli mkubwa. Mama alinieleza desturi yao. Unapokuja Kashi kwa ajili ya marehemu wako, unataja chakula unachokipenda na unakiacha pale mtoni. Hukili tena mpaka unaingia kaburini. Sasa wenyewe hawazikwi, lakini mmenielewa. Mwanamume aliyetutangulia akaacha karela, ile mboga chungu, na Mama akacheka mpaka akashika ubavu. "Umeona ujanja? Nani anapenda karela?" Kisha akanigeukia. "Na mimi niache nini?"

Jua lilikuwa kali, mawe yananichoma nyayo, moshi umenijaa kooni. Nilitaka hoteli na maji baridi. Nikasema hivi hivi, kwa utani, "Acha muhogo, mama, twende zetu."

Hakucheka. Aliniangalia kidogo, akateka maji kiganjani, akasema maneno yake, na katikati ya Kihindi chote kile nikasikia neno moja ninalolijua. Akayamwaga maji mtoni.

"Mama, nilikuwa nakutania!"

"Najua," akasema. "Lakini umesema kweli. Hakuna ninachokipenda zaidi."

Tuliporudi Johannesburg, Jumamosi ya kwanza nilikwenda kwake mikono mitupu. Nikagombezwa! "Niliyeacha ni mimi, wewe umeacha nini? Kalete muhogo, nikuone ukila." Nikakaanga, nikala mbele yake, naye anavuta harufu amefumba macho. "Vipi?" akauliza. Ulikuwa mtamu ajabu. Nikamwambia, "Wa leo mchungu, mama. Wameniuzia takataka."

"Wanidanganya wee!" akasema, akicheka.

Ukawa ndio mchezo wetu. Lakini kutafuna mbele ya mtu anayetamani si kazi rahisi, jamani, hata kwa mchezo. Jumamosi moja nikasema nina mazoezi ya kwaya. Nyingine nikasema mtoto ana mechi. Ni kweli alikuwa na mechi, lakini zamani ningeikosa. Utani wangu mwenyewe ulikuwa umenifukuza kwenye baraza ile.

Kisha Mama akaanza kusahau. Akawa anamwita mwanawe kwa jina la kaka yake mwenyewe aliyekufa. Kiingereza kikamtoka, Kigujarati nacho kikawa kinakuja na kupotea, kikabaki Kiswahili cha utotoni. Ndipo mwanawe akawa ananipigia simu niende nimwambie mama yake anataka nini.

Jumamosi moja mchana alinipigia, nikaenda mbio. Nilikuwa nimekaanga muhogo wa wanangu, na mfuko ulikuwa bado mkononi. Mama alikuwa kitandani, amekuwa mdogo kama mtoto. Akanusa. Macho yakafunguka.

"Muhogo huo," akasema. "Nipe. Umetia ndimu?"

Mwanawe akaniuliza anasema nini. Nikaufunga mfuko. Mto hakuukumbuka tena, wala kuhani, wala ahadi. Kati ya watu wote waliokuwa nyumba ile, aliyeijua ahadi ni mimi tu. Nikafikiri, akipona akili akajua nilimlisha, atanisamehe? Nikaona heri nimlindie ahadi yake, mimi nisiyeuamini hata huo mto.

"Wa leo mchungu, mama," nikamwambia.

Nikangoja aseme namdanganya, kama alivyokuwa akisema siku zote. Nilingoja, haki ya Mungu, na angesema ningempa.

"Basi utupe," akasema taratibu. "Utaniletea mzuri Jumamosi."

Alifariki Alhamisi.