Jiko Lisilotaka Kuchochewa

Alasiri, jua likianza kulegea, wasichana wa mtaa wetu pale Kibiti walikusanyika na kamba zao za kufungia kuni. Mimi nilipita pembeni yao na gunia tupu, nikielekea upande wa pili, kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Wao walikwenda porini. Mimi nilikwenda kuzoa pumba.

"Haya, mtoto wa nesi, leo pumba mnazila kwa mchuzi gani?"

Walicheka, wakaondoka wakiimba, na wimbo ulinifuata barabarani mpaka muungurumo wa mashine ulipoumeza.

Mama alikuwa nesi wa zahanati, aliyeletwa na kazi kutoka bara nami nikiwa mgongoni. Hatukuwa na ndugu pale. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa: maduka yalijaa, mitumba ilimwagwa kwenye maturubai, na mifuko ya plastiki ikaanza kunasa juu ya mikorosho kama ndege waliochoka. Nyumbani kwetu mfuko wa plastiki ulifuliwa, ukaanikwa kambani pamoja na sare yangu ya shule. Maji ya kuoshea vyombo yalikuwa ya mgomba. Maganda yalikwenda shimoni. Na kuni hazikuingia kabisa. Tulipika kwa pumba, kwenye debe lililotobolewa ubavuni: unasimamisha chupa katikati, unashindilia pumba kuizunguka, unaichomoa taratibu, unawasha kwa chini. Baada ya hapo huligusi tena. Ukiligusa linabomoka.

"Kwetu tulikata, tukakata," mama aliniambia kila nilipoomba kwenda kuni. "Nilipokuwa kama wewe, natoka alfajiri, narudi adhuhuri na vijiti vya kuchemshia uji. Hapa miti ipo, hawaijali. Wewe utaijali."

Niliijali. Lakini nilijua pia kwamba huko porini ndiko wasichana walikofundishana nyimbo, walikosimuliana mambo ambayo kesho yake shuleni waliyachekea bila kunieleza. Mambo yangu mimi niliusimulia mgomba, nikiumwagia maji machafu.

Kisha jirani yetu akamwoza binti yake mkubwa. Mdogo wake bibi harusi alikuwa darasa moja nami, na ndiye pekee ambaye hakuwahi kunitania. Nilitaka awe rafiki yangu kuliko nilivyotaka kitu chochote.

Pale, nyumba ikiwa na shughuli, kila mwanamke huenda na mzigo wa kuni kichwani. Ndiyo namna ya kusema, nami nimo. Asubuhi ile tuliwaona wakiingia kwa jirani mmoja mmoja, na kila mzigo uliotuliwa ulipigiwa vigelegele. Mama akajifunga kanga, akajitwika gunia la pumba. Mimi nikabeba debe.

Tulipofika uani, vigelegele vikakatika.

"Dada nesi," akasema somo aliyemfunda bibi harusi, mwanamke mwenye ulimi wake, "kuku tumeshawachinja. Chakula hicho unamlisha nani?"

Ua mzima ukacheka. Mama naye akacheka, amechelewa kidogo.

"Mwacheni mwenzenu, kaja na alichonacho," mama wa bibi harusi akasema, akampokea gunia. "Nesi, tutachemshia maji ya chai ya wazee."

Jiko letu likawekwa nyuma ya nyumba, nami nikakalishwa kulilinda. Upande wa pili wasichana walikuna nazi na kuimba. Wimbo niliujua wote, kwa kuusikia ukiondoka kila alasiri. Niliuimba bila sauti. Maji yalikuwa yameanza kunong'ona pale mdogo wa bibi harusi alipokuja, akachuchumaa kando yangu.

"Mbona upo peke yako?"

"Nalinda jiko."

"Sasa mbona hulichochei, mwenzangu? Litazimika hilo."

Nilitaka kusema usiguse. Lakini alikuwa amekuja mwenyewe, goti lake limegusa langu, na niliogopa nikimkataza atanyanyuka. Akaokota kijiti, akakisukuma kwa chini, kama kila mtoto wa pale afanyavyo akiona moto unalegea. Pumba zikaporomoka ndani kwa sauti ndogo, kama mtu anayekohoa. Moshi ukatufunika.

"Mama yangu! Nimeua jiko la watu!" akapiga ukelele, na sote wawili tukaangua kicheko huku machozi yanatutoka.

"Nilisema mie!" somo akaja mbio. Mafiga matatu yakasogezwa, kuni zikawashwa, sufuria ikahamishwa.

"Haya, chochea," yule msichana akaniambia, akinipa ukuni.

Nikachochea. Moto ukaitika palepale. Nilipoinua macho nikamwona mama. Alizoa pumba zilizomwagika, hata zile zilizochanganyika na mchanga, akazirudisha guniani, akalinyanyua debe kwa upindo wa kanga kwa kuwa lilikuwa bado la moto, akatoka. Nilijua angependa nimfuate. Nikabaki.

Kesho yake alasiri nilikuta kamba mpya juu ya gunia.

"Nenda nao," mama alisema, akizungusha kanga kuukuu kuwa kata ya kichwani. "Ila okota kuni zilizokauka zikaanguka. Panga usishike."

"Na pumba?"

"Nitazifuata mwenyewe."

Nikaenda. Wenzangu walikata upesi, mizigo ikajaa. Mimi niliinama kwenye majani nikitafuta vijiti vikavu, huku nyimbo zikisonga mbele bila mimi.

"We mtoto wa nesi, tunakuacha!" mdogo wa bibi harusi aliita. Akasubiri kidogo. Kisha sauti yake nayo ikaungana na zao.

Nilitokea barabarani nyuma ya wote, na mzigo mwembamba usiotosha hata chungu kimoja. Kutoka upande wa mashine mama alikuwa anakuja, gunia kichwani, peke yake, hajaniona bado. Mbele wimbo ulikuwa unafika mwisho.

Nikasimama, nikamngoja.