Mashindano Yaliyohamia Southall

Hadi leo nikinusa mafuta ya karafuu narudi utotoni. Majira yale ya baridi nyumba yetu ya Kenton, kaskazini-magharibi mwa Landani, ilinuka karafuu toka mlangoni hadi kwenye mapazia, kwa sababu kila jioni mama alimkalisha dada yangu Rehema kwenye kiti cha jikoni akamkanda kifundo cha mguu. Rehema alikuwa na miaka kumi na minane, mrefu kumpita baba, na alichezea timu ya mpira wa kikapu ya chuo chake. Mimi nilikuwa na tisa. Kazi yangu ilikuwa kushika kichupa na kumwomba Mungu mguu upone, na niliifanya kwa bidii kuliko kazi zote za shule. Kocha alisema Rehema aliteguka kwa kutua vibaya. Mama hakulikubali hilo hata kidogo. Kwake yeye chanzo kilikuwa Mama Zuhura, mwenzake wa chama cha akina mama, ambaye juma moja kabla ya hapo alisimama sebuleni kwetu, akamtazama Rehema juu hadi chini, akasema, “Mtoto mrefu huyu, ana miguu ya twiga,” bila kutanguliza mashaallah. Mama ni mtu wa Tanga, na jicho la mtu analiogopa kuliko barafu ya barabarani.

Tangu siku hiyo mambo ya Rehema yakawa siri ya nyumba, na kwa bahati mbaya yalikuwa mengi ya kuficha. Chuo chake kilikuwa kigeni katika ligi ya vyuo, na sheria ilisema chuo kigeni hukaa mwaka mzima nje ya mashindano ya kufunga msimu. Rehema alikuwa mwaka wa mwisho. Mwaka wa kungoja haukuwa wake, ungekuwa wa wengine. Kuku wa maskini hatagi, na akitaga haangui, mama alisema, akaendelea kukanda. Kisha vyuo viwili vikavunja timu zao, ligi ikapungukiwa, tukasikia kwamba wageni wataruhusiwa mradi wamalize katika nusu ya juu ya msimamo. Tulipoanza kufurahi ukaja utaratibu mpya. Zamani timu zilicheza kwa makundi, Jumamosi baada ya Jumamosi, ukifungwa leo unajirekebisha wiki ijayo. Sasa yote yangemalizwa siku moja, ukumbi mmoja, ukifungwa unavaa koti lako unakwenda nyumbani. Kila Rehema aliporudi mazoezini nilimngoja mlangoni nimuulize sheria ya leo inasemaje. Usingizi ulinipaa. Nilikuwa mtoto, na nilidhani wakubwa wakishasema jambo limekwisha.

Timu yake ilifuzu kwa kushinda mechi ya mwisho kabisa ya msimu. Hapo mama akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alikuwa akitunza wazee katika nyumba yao ya malezi, na Jumamosi zote zilikuwa zamu yake, kwa hiyo katika miaka yote ile hakumwona mwanawe akicheza hata mara moja. Safari hii alibadilishana zamu na mwenzake. “Mara hii nitakuona kwa macho yangu,” alimwambia. Rehema si mtu wa machozi, lakini aligeukia sinki akaosha kikombe kilichokwisha kuoshwa. Mimi nilihesabu upya hatari zilizobaki. Mguu ungeweza kuuma, sheria ingeweza kubadilika tena, na baba, dereva wa basi, hakuwa na nafasi ya kutusaidia.

Mashindano yalipangiwa ukumbi mmoja wa Stratford, mashariki kabisa. Kwenye chama, wanawake wakinywa chai, Mama Zuhura akauliza mtoto atacheza wapi. Mama hakusita. Akasema Southall, magharibi, tena akautaja ukumbi wenyewe, ule ulio nyuma ya barabara ya maduka tunakonunua mchele, kwa kuwa ndio pekee alioujua upande ule. Ndani ya basi nilimtazama mpaka akaona aibu. “Sikusema uongo, nimeficha,” alisema. “Na nani atakwenda? Watu wa Landani hawana Jumamosi.” Mwalimu wetu wa madrasa hakutufundisha tofauti hiyo, na nilikaa na jambo lile kifuani kama kokwa niliyoimeza.

Rehema alilala kwa mchezaji mwenzake ili waondoke pamoja na timu. Mama na mimi tulitoka asubuhi na mapema, yeye na bakuli la mahamri mapajani, tukaingia treni ya chini kwa chini ambako simu ilikuwa haishiki. Tulipotokeza Stratford ikaanza kulia kana kwamba imeungua. Alikuwa Rehema. “Mama, venue imebadilika. Bomba limepasuka kule Stratford, uwanja wote maji. Wametuhamishia Southall.”

“Southall wapi?” mama aliuliza.

Alielezwa: ukumbi ule ule alioutaja kwenye chama. Nikamwona akitafuta benchi kwa mkono, akakaa. “Mchimba kisima huingia mwenyewe,” alisema polepole. Kutoka kwetu Kenton, Southall ni safari ya basi tu, nasi tulikuwa tumeikata Landani yote kuikimbia.

Sijapata kuwa na safari ndefu kama ile ya kurudi magharibi. Treni ilisimama gizani kati ya vituo bila mtu kutuambia kwa nini, na mama alivuta tasbihi kwa kasi hadi nikaogopa uzi utakatika. Mechi ya kwanza ilikuwa imekwisha kuanza. Wakifungwa, hakuna ya pili. Tukashuka Ealing tukapanda basi, na basi nalo likasimama kila kituo kupokea watu na mifuko yao ya sokoni, nami nikawachukia wote. Mama aliniminya mkono ukaniuma, na sikuuondoa.

Tulisikia vigelegele tukiwa bado barabarani. Mama alisimama mlangoni, akavuta pumzi, akaingia. Safu ya mbele walikaa wanawake wa chama, karibu wote, leso mabegani, na katikati yao Mama Zuhura. Kiti cha pembeni yake kilikuwa na mkoba wake juu.

“Nimekuwekea,” alisema akiuondoa. “Mbona wachelewa kwa mwanao mwenyewe?”

Mama akakaa. Timu ilikuwa imeshinda mechi ya kwanza kwa kikapu cha Rehema cha sekunde za mwisho. Hii ilikuwa ya pili, nusu yake imekwisha, na walikuwa nyuma sana. Rehema alitupa jicho jukwaani, akamwona mama, akainua mkono, kocha akamfokea. Walifungwa, wala hazikuwa pointi za kukaribiana. Mama Zuhura alimsifu hadi mwisho, na kila sifa aliitangulizia mashaallah, nami nilimwona mama akiinamisha kichwa kila alipoisikia. Wakati wa kutoka aliwagawia mahamri yote, yakiwa yamepoa.

Siku hizi treni ya Elizabeth inatoka Stratford hadi Southall bila kubadili, ingetuwahisha. Nasikia mashindano yale yamehamishwa tena, na sheria za nani aingie zimegeuzwa upya. Rehema ni muuguzi Leeds na mpira hagusi. Mwanangu anacheza kandanda, na wazazi wote tuko kwenye kundi moja la simu, uwanja ukibadilika tunajua hapo hapo. Mechi zake zote nimezirekodi, na sijawahi kurudia kutazama hata moja. Mama hana picha ya ushindi ule. Ana Mama Zuhura. Kila Idi akija kwetu na magoti yake mabovu, chai ikishanywewa, mama humwomba asimulie kile kikapu cha mwisho, naye husimama, hushika kiti kwa mkono mmoja, na kuuinua mwingine hewani. Mwaka hadi mwaka Rehema anaruka juu zaidi. Mama husogea ukingoni mwa kochi, tasbihi imesimama vidoleni, na jibu analijua miaka yote hii, lakini huuliza kwa hofu ya kweli, “Mpira ukaingia?”