Gari la Mume Wangu na Kigari cha Mkwe

Limebaki bodi tu uani, kuku wanatagia ndani, lakini sitaki mtu aliguse. Gari la mume wangu lilikuwa jekundu, la milango miwili, limelala chini kama chura. Ukikaa ndani unasalimiana na magoti ya watu. Alilinunua likiwa limeshazeeka, kwa mzungu mjenzi wa barabara aliyekuwa anarudi kwao. Likinguruma pale Kibondo, watoto walitoka mashambani kulitazama. Asubuhi haliwaki mpaka lisukumwe mteremkoni, na msukumaji ni mimi, kanga kiunoni.

Kisha binti yetu wa kwanza akaolewa Kasulu. Mkwe alikuwa na kigari cheupe, kipya kuliko letu, kidogo kama kabati la vyombo. Kinawaka mara moja, mafuta kinaramba tu.

"Ile ni sufuria yenye taa," mume wangu aliniambia pembeni.

Nikamwambia sufuria inapika.

Binti akajifungua. Kwetu bibi haendi kumwona mzazi mikono mitupu. Unakwenda na pombe ya ndizi uliyoikamua mwenyewe, la sivyo upande wa pili watasema mtoto huyu kwa mama yake hakuna watu. Nikajaza kibuyu kikubwa. Pombe ilikuwa changa, bado inatoa povu, kwa hiyo nikaziba na jani la mgomba lililosokotwa, limelegea ili ipumue.

Mkwe alipokuja kutuchukua akatazama kibuyu, akatazama viti vyake.

"Mama, hii haitamwagika?"

"Haimwagiki, mwanangu."

"Naomba niizibe vizuri tu."

Akafunga mdomo wa kibuyu kwa nailoni na mpira wa baiskeli, akakaza mpaka mishipa ikamtoka. Mimi nibishane na mkwe wangu? Nikakipakata kibuyu changu, nikapanda. Mume wangu alikataa kupanda.

"Nakuja nyuma na mikungu ya ndizi," alisema. "Mkikwama nitawavuta."

Sitasema uongo, nilistarehe. Kiti laini, mnaongea bila kupayuka. Lakini miaka ile malori ya wakimbizi yalikuwa yameichimba barabara, na kila shimo lilikitikisa kibuyu mapajani mwangu. Tulipopita Makere kikafyatuka. Pombe kwenye paa, kwenye kioo, kwenye kilemba changu. Mkwe akasimamisha gari, akabaki anatazama mbele, ndevu zinachuruzika pombe.

Niliona aibu ya kufika mikono mitupu kabla sijafika.

Nyuma nikasikia mngurumo. Mume wangu akashuka, akachungulia, hakucheka. Akatikisa kibuyu: karibu nusu ilikuwa imebaki. Akachuma jani kwenye mgomba wa kando ya barabara, akasokota, akaziba kwa kulegeza.

"Njoo huku kwetu, mama."

Nikalala kwenye kiti kile cha chini, miguu mbele, kibuyu kimesimama katikati ya magoti kama kilitengenezewa pale. Mawe yaligonga tumbo la gari, vumbi likaingia menoni. Pombe haikumwagika.

Kasulu wanawake walikuwa wametoka barabarani kwa ajili ya mngurumo ule. Nikashuka na kibuyu changu, nikapewa mjukuu wangu, mzuri kuliko wote waliozaliwa mji ule. Mume wangu akammiminia binti kwanza, kisha akamnyooshea mkwe kikombe.

"Baba, waanze wageni," mkwe alisema.

"Kunywa, mwanangu. Gari lako limeshakunywa, umebaki wewe."