Tabea Alivyoivunja Jumatano ya Sinyati

Kuni zimeshika. Kwenye jiko la mabati, Kimandolu, Tabea Pallangyo, bibi wa miaka sitini na moja, anamimina mtindi kwenye mahindi ya loshoro na kukoroga taratibu. Pembeni yake Sinyati anamenya ndizi, kimya.

"Huyu alikuwa na kelele!" Tabea anasema, akimwonyesha kwa mwiko. "Nimemnyamazisha mimi."

Wanawake saba wanaendesha jiko hili. Kila siku ya wiki hupika watatu na kugawana faida. Siku nzuri kila mmoja huondoka na elfu kumi. Tabea ndiye aliyewapanga, kila mtu akutane na kila mwenzake mara moja tu kwa wiki, yasizuke makundi.

Kwa mpango huo, Ijumaa Sinyati alikuwa akipika na Agnela na Irine. Wawili hao waliongea Kichaga kutwa, yeye akielekezwa kwa kidole. "Koko," alimlalamikia Tabea, akimwita bibi kwa Kimaa, "hata wakicheka sijui wanamcheka nani."

Jumatano alikuwa akipika na Hanna na Evaresta. Vicheko vyao vilifika barabarani.

Tabea alitaka kuvunja kundi la Ijumaa tu. Akapanga vijiko saba mezani, kila kimoja na mtu wake. Kila alipogusa siku moja au mbili, wengine walikutana mara mbili na wengine hawakukutana kabisa. Akahangaika hadi akaona: zitabaki siku tatu tu kama zilivyokuwa, na zote ziwe zile anazopika mtu mmoja. Nne lazima zivunjike.

"Nikajichagua mwenyewe," anasema. "Kwa magoti haya! Ninaopika nao wamezoea kuninyanyulia sufuria. Jumatano sikuiangalia."

Ijumaa ikavunjika, na Jumatano nayo.

"Ningemchagua Hanna, Ijumaa ingevunjika vilevile, Jumatano ikabaki. Niliona siku zangu tu."

Sinyati ameshaaga. Mwisho wa mwezi anarudi kwa mama yake, Nduruma. "Koko alinitoa motoni," anasema, "ila akauzima na moto niliokuwa naota."

Jumatatu Tabea ataurudia mpango wa zamani na kuupanga upya, safari hii siku zitakazobaki ziwe za Hanna.

"Nipe Jumatano moja tu, mwanangu. Isiponoga, nitakusindikiza mwenyewe."

Kisu cha Sinyati kinasimama. "Na sufuria atakunyanyulia nani?"

"Nitapika kwenye ndogo, mara mbili."